Daftari la Kuazima

Kibanda chetu kilikuwa Mwembe Tayari, chini ya ngazi
za jengo lililonuka dawa ya mende na halua,
na mamangu, Bi Zeyana, aliazimisha vitabu
senti hamsini siku tatu, shilingi moja kwa juma,
na ukikilowesha, umekinunua.

Daftari lake ninalo. Mende hawakuijali ile dawa:
jalada wamelila, wakauacha wino.
Vichwa vya vitabu hakuandika, aliandika aina.
J ni majini. U, upelelezi. M, mapenzi.
Mstari mwekundu maana yake huyu siku hizi
anapita njia ya nyuma.

Fuata jina moja kwa kidole: Mbwarali Kombo.
Ana miaka kumi na mitatu: J, J, J, J.
Alikuja macho yamemvimba kwa kukesha,
akauliza kama kuna jini asiyejali chumvi,
maana ya kwao ilikwisha.
Ana kumi na sita: U tupu,
nne katika kumi la kwanza la Ramadhani,
na pembeni mama kaandika kwa penseli, mwambie alale.
Kisha miaka hayupo. Kisha karani bandarini, na tai,
na mama ikambidi azue herufi:
F, ya fedha, vile vitabu vya kukutajirisha
ukiamka saa kumi za alfajiri.
Alivisoma vyote. Anaishi Mikindani, nyumba ya kupanga.

Mwalimu Kibibi Shekue hakuweza kuiona M.
"Sukari guru," akisema, "huozesha meno ya akili,"
akachukua tenzi, akachukua historia,
akaondoka na mwavuli wake.
Alipostaafu alichukua M kumi na moja mwezi mmoja.
Nilimwangalia tu.
"Nyamaza," akanambia. "Nimesahihisha watu
miaka thelathini na mmoja. Sasa nataka wakosee."

Mama akisema si ulimi unaobadilika, ni njaa.
Sikukubali, wala leo sikubali.
Nami nilianza na ya majini,
na sasa nasoma vitabu vya mapishi kitandani,
vya nchi zenye theluji, mizizi nisiyoijua hata rangi,
na njaa sina.

Kibanda sasa huuza vifuniko vya simu.
Vitabu vilivyobaki vimo sandukuni, kwangu, Majengo,
na Jumanne iliyopita Mbwarali alipiga hodi,
ana sitini na mbili, miwani imefungwa uzi,
akaitaka U moja, ile yenye karabai jaladani.
Nikamwambia hiyo haina mwisho,
karatasi ya mwisho iling'olewa zamani,
mama alimtoza faini Mwalimu Kibibi,
akalipa huku akiapa.

"Najua," akasema. "Ndimi n'loing'oa."

Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Muuaji alikuwa yule nesi," kama anayemtaja jirani,
"yule wa zamu ya usiku. Sikutaka awe yeye."

Alikaa papo hapo kizingitini, akasoma.
Wala hakukimbiza. Mara tatu alirudi
pale nesi anapochemsha sindano
na kujifunga upya kitambaa cha kichwa,
mahali ambapo, nakumbuka, sote tulikuwa tukiparuka
ili tuwahi maiti.

Aliposhuka ngazi nililifungua daftari,
mwaka wa sabini na tisa, Ramadhani, ile U ya tatu,
nikaitia M ubavuni, kwa penseli.
Faini ya Mwalimu sijui nimrudishie nani.